Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tuliacha kurukaruka kutoka mchoraji mmoja hadi mwingine. Tulikaa na wachoraji wa uhalisia (wanaochora maisha kama yalivyo) wa Urusi wa karne ya 19, na mchoro uliotula muda zaidi ni Vladimirka, yaani barabara ya Vladimir, wa Isaac Levitan, wa mwaka 1892.

Siku ya kwanza mzee wetu mmoja aliniuliza, "Mwenyekiti, hii si barabara tu?" Ni barabara tu, ya vumbi, imenyooka hadi macho yanapogota chini ya mawingu mazito. Isogelee. Kandokando kuna vijia vilivyochimbwa na miguu. Hapo ndipo waliposwagwa wafungwa wenye minyororo kwenda Siberia. Levitan hakuchora mfungwa hata mmoja. Yupo mwanamke tu, mdogo kama sisimizi. Na mwaka huohuo Levitan mwenyewe alifukuzwa Moscow kwa kuwa Myahudi, hadi marafiki walipomhangaikia akarudi.

Uchoraji huu wa ukweli una chimbuko. Mwaka 1861 Tsar, mfalme wa Urusi, aliwaachia huru wakulima waliokuwa mali ya makabaila, ila ardhi wakatakiwa kuilipia miaka na miaka. Miaka miwili baadaye wanafunzi 14 wa chuo cha sanaa cha kifalme waligoma kuchora karamu ya miungu ya Valhalla, ukumbi wa hadithi za kale za Ulaya Kaskazini, kwa ajili ya medali, wakaondoka. Kufikia 1870 wachoraji wa uhalisia walikuwa na chama cha maonyesho ya kusafiri, picha zikawafuata watu mikoani. Mnunuzi wao mkubwa, mfanyabiashara Pavel Tretyakov, alishamwandikia mchoraji mmoja kwamba hahitaji mandhari ya fahari. Hata dimbwi la maji machafu linamtosha, mradi lina ukweli na ushairi.

Sasa lile la aibu. Nakala za kuwagawia tulizipeleka kuchapishwa dukani, na kijana wa pale, kwa nia njema kabisa, akadhani picha imefifia. Akaing'arisha. Tukaletewa Vladimirka yenye anga la buluu na majani mabichi, kama kalenda ya ukutani. Tulichapisha upya; gharama ataieleza Mweka Hazina, pamoja na majina ya wasiolipa ada, ambayo mimi sitayasoma.

Zile mbovu zipo kwenye boksi karibu na mlango. Chukueni mlinganishe. Vile vijia vya kando vimefutika kabisa.