Bei ya kadi ya besiboli bila alama yake haisemi kitu

Mhariri,

Kila kadi ya besiboli, yaani kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, inapouzwa Marekani kwa mamilioni ya dola, habari hutufikia ikiwa na mambo mawili tu: jina la mchezaji na bei. Msomaji mwenye boksi la kadi kabatini hulikunja gazeti akiamini amelalia mali. Tunaomba, mnapochapa habari hizo, mwongeze mwaka wa kadi, namba iliyo nyuma yake na alama ya hali yake. Sisi tunaoupenda mchezo huu na kukusanya kadi zake tunajua kwamba bila hayo matatu, bei ile haimfai yeyote.

Chukueni kadi ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na Topps, kampuni ya kuchapa kadi, mwaka 1952, namba 311. Agosti 2022 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Ilikuwa imepewa alama 9.5 na SGC, kampuni inayopima hali ya kadi, katika kipimo kinachoishia 10. Kadi hiyohiyo ikiwa na mkunjo katikati na pembe zilizochakaa haifikishi hata asilimia moja ya bei hiyo. Tena si kadi yake ya kwanza, kama inavyosemwa mara kwa mara. Ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman ya 1951, namba 253. Na katika fungu lake, yaani sehemu ya seti ya mwaka huo yenye namba 311 hadi 407, Mantle ni mmoja wa wachache waliochapwa mara mbili kwa kila karatasi kubwa ya kiwandani, kwa hiyo wapo wachezaji wa fungu hilo walio adimu kuliko yeye. Fungu lenyewe lilitoka msimu ukielekea ukingoni, halikununuliwa, na mabaki yake Topps iliyatupa baharini karibu na mwaka 1960.

Hapo ndipo penye siri ya bei za kadi za zamani: zilipotea. Watoto walizifunga kwa mpira wa kufungia noti, wakazibana kwenye spoku za baiskeli, wazazi wakazitupa. Kufikia miaka ya 1980 kila mtu alikuwa amesikia kwamba kadi ni pesa. Mwaka 1981 Fleer na Donruss waliingia sokoni kushindana na Topps, 1989 akaja Upper Deck, na mitambo ikachapa bila breki. Wanunuzi nao wakazitunza zote. Kadi ya Ken Griffey Jr. ya Upper Deck ya 1989, namba 1, ni nzuri na inapendwa, lakini zilizopewa alama 10 zipo kwa maelfu. Seti kamili ya Topps ya kadi 792 kutoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 80 ni burudani tupu kwa shabiki. Asiinunue kama akiba ya uzeeni.

Tuje kwenye alama. Kampuni za kupima, PSA, SGC na Beckett, hutazama mambo manne: pembe, kingo, uso na uwiano wa pambizo. La mwisho mtu hujipimia nyumbani kwa rula ya milimita. Pima pambizo nyeupe ya kushoto na ya kulia. Kushoto ikiwa milimita 3 na kulia 2, jumla ni 5, kwa hiyo uwiano ni 60 kwa 40. Rudia juu na chini, kisha chukua matokeo yaliyo mabaya zaidi. Kadi ikifika 70 kwa 30 haiwezi kutarajia alama ya juu kabisa hata pembe zake ziwe kali kama sindano, na hilo ni kosa la kisu cha kiwandani ambalo utunzaji wowote haulirekebishi. Uso ukague kwa kuinamisha kadi chini ya taa moja kali: mikwaruzo na mikunjo myembamba isiyoonekana kwa kutazama moja kwa moja hujitokeza mwanga ukiupiga kwa mshazari. Geuza na nyuma pia. Pakiti za zamani zilifungwa kwa karatasi ya nta, na kadi ya mwisho mara nyingi imebaki na doa la nta au la chingamu.

Wadanganyifu wanajua kwamba pembe butu hushusha bei, kwa hiyo hukata ukingo upya. Kadi ya kawaida ya Topps tangu 1957 ni inchi 2.5 kwa 3.5, lakini rula peke yake haitoshi, kwa sababu hata kiwandani zilipishana kidogo. Njia bora ni kuisimamisha katikati ya rundo la kadi za seti ileile za bei ndogo, kisha kupitisha macho juu ya kingo. Iliyopunguzwa huzama chini ya wenzake, au upande mmoja umepinda kidogo kwa ndani. Ukingo wa miaka sitini una nyuzi za karatasi zilizobadilika rangi. Uliokatwa juzi ni mweupe na mkavu. Msidhani kasha la plastiki ambamo kampuni ya kupima huifunga kadi ni kinga kamili. Kadi mashuhuri ya mchezaji wa zamani Honus Wagner iliyopewa alama 8 na PSA ilikuwa imepunguzwa kingo, na mfanyabiashara wa minada aliyeipunguza alikiri hivyo mahakamani mwaka 2013.

Wagner huyo ni wa seti iitwayo T206, iliyotolewa 1909 hadi 1911 ndani ya pakiti za sigara, na nakala zake za kisasa zimejaa kila mahali. Mambo matatu huiumbua kadi bandia haraka. Saizi: T206 ni ndogo, takriban inchi 1 na 7/16 kwa 2 na 5/8. Maandishi: chini ya lenzi inayokuza mara kumi, jina la mchezaji kwenye kadi halisi ni wino wa kahawia uliojaa, ilhali kwenye nakala herufi zimejengwa kwa vitone vya rangi. Karatasi: chini ya taa ya urujuanimno, karatasi yenye ving'arisho vya kisasa huwaka rangi ya buluu nyeupe, na karatasi ya 1910 haina kemikali hizo. Isipowaka, bado haijathibitika kuwa halisi. Ikiwaka, mrudishieni mwenyewe. Angalieni pia nyuma kama kuna sehemu iliyokwaruzwa, maana nakala halali huwa na neno la kuitambulisha na wajanja hulifuta.

Kuhusu utunzaji, hasara nyingi hutokea siku kadi inapoingizwa kwenye kinga. Kwanza ni mfuko laini, kisha toploda, ile plastiki ngumu iliyo wazi juu. Anayeruka mfuko laini anaikwaruza kadi kila inapoingia na kutoka. Kadi iteremshwe ukiwa umeubonyeza mfuko kidogo pembeni ili mdomo ufunguke, la sivyo pembe ya chini hugonga ukingo wa plastiki na alama imeshashuka. Unene huhesabiwa kwa pointi, yaani sehemu ya elfu moja ya inchi: kadi ya kawaida hutoshea toploda ya pointi 35, ila ile yenye kipande cha jezi huhitaji 75, 100, hata 130. Ikibana hukunjika pembeni. Ikipwaya hucheza na kujisugua. Vile vibao vya zamani vya kukaza kwa skrubu viacheni kabisa. Huigandamiza kadi mpaka ikatanuka, na kampuni ya kupima inaweza kuikataa kwa kuishuku kuwa imechezewa.

Wanaopenda faili wachague kurasa za polipropilini. Za PVC, zile laini zenye harufu kali, hutoa mafuta yanayoshika uso wa kadi. Faili liwe la pete zenye umbo la D, kwa kuwa pete za mviringo huzibana kadi za safu ya karibu na mgongo. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 50 unafaa; ukipanda na kushuka, kadi zenye tabaka la kung'aa hupinda kama jani kavu, kwa sababu karatasi hunywa maji na tabaka lile halinywi. Jua nalo hula wekundu wa picha na saini za kalamu.

Kwa anayetuma kwa posta: mdomo wa toploda ufungwe kwa utepe wa mafundi rangi, ambao hubanduka bila kuacha gundi, huku ncha yake ikikunjwa ili mpokeaji apate pa kushika. Selotepu hulazimisha kisu, na kisu huteleza. Weka toploda kati ya vipande viwili vya boksi vilivyoizidi ukubwa kila upande, kisha bahasha yenye mapovu. Ukiitikisa na kusikia kitu kinacheza, fungua uanze upya.

Wasomaji wenu,
Wakusanyaji wa kadi za besiboli