Mafuta ya Samaki na Macho Makavu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Chupa

Vidonge vya mafuta ya samaki tunaviuza dukani kwetu, na kwa sababu hiyo hasa tunaona ni haki ya mteja kuambiwa mapema kwamba kwa tatizo la macho makavu, chupa hiyo si kitu cha kwanza cha kununua. Wengi wanaotuuliza wamekwisha kusikia kwa jirani, au kuona kwenye simu, kwamba omega-3, yaani mafuta yaliyomo ndani ya vidonge hivyo, hulainisha macho, na wengine huja na jina la chupa wanayoitaka kabla macho yao hayajatazamwa na mtu yeyote. Makala haya yanaeleza kwa nini huwa tunamwomba mteja aketi kwanza.

Mwenye macho makavu huhisi kana kwamba ameingiwa na mchanga, macho humwasha na kuwa mekundu ifikapo jioni, na maandishi humfifia kisha yakaonekana vizuri tena akipepesa. Dalili inayowachanganya watu ni machozi kutiririka, hasa mtu akiwa juu ya bodaboda au akipigwa na upepo kwenye feri ya Likoni, kwa kuwa ni vigumu kuamini kwamba jicho linalomwaga machozi kiasi hicho ni kavu. Ilivyo ni kwamba uso wa jicho ukikauka hukereka, na jicho hujihami kwa kutoa maji mengi kwa ghafla, maji yasiyokaa juu ya jicho bali huteremka mashavuni. Wengine hutuuliza macho yatakaukaje katika mji wenye unyevunyevu kama huu wetu. Swali hilo ni la haki, lakini mtu anayeshinda ofisini chini ya kiyoyozi huwa haishi katika hewa ya Mombasa kwa saa hizo zote. Tena anayekodolea kompyuta hupepesa mara chache kuliko kawaida, na mara nyingi hafumbi macho kikamilifu anapopepesa.

Machozi yana ute unaoyashikiza kwenye jicho, yana maji, na juu kabisa yana utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji hayo yasikauke upesi. Mafuta hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope, takriban 25 hadi 40 katika kope ya juu na 20 hadi 30 katika kope ya chini, zinazoitwa tezi za Meibom kwa jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyeziandikia mwaka 1666. Tezi hizo zikiziba, machozi hukauka haraka hata kama maji yanatosha, na hii ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya macho makavu. Tunapobonyeza ukingo wa kope taratibu wakati wa uchunguzi, kope yenye afya hutoa mafuta mepesi maangavu. Iliyoziba hutoa kitu kizito cheupe mithili ya dawa ya meno, au haitoi kitu kabisa. Tunapata pia mabaki ya wanja uliopakwa kwa ndani, juu ya vitundu vyenyewe vya tezi. Hatumkatazi mtu wanja, maana ni pambo la mama na nyanya zetu, ila mwenye macho makavu ni heri aupake nje ya mstari wa kope na kuuosha kabla ya kulala.

Sasa tuingie kwenye vidonge. Omega-3 zinazozungumzwa ni asidi za mafuta mbili zinazopatikana kwa samaki, EPA na DHA. Kwa kuwa EPA husaidia kutuliza uvimbe mwilini, na kope zilizoziba aghalabu huwa na uvimbe, lilikuwa wazo la maana kwamba vidonge hivi vingesaidia, na tafiti ndogondogo za mwanzo zilitia moyo. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DREAM, uliochapishwa mwaka 2018, ambamo watu 535 wenye macho makavu waligawanywa: baadhi walipewa miligramu 3000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, na wengine wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi pamoja, yalisema huenda omega-3 zikawa na nafasi yake katika tiba, ila ushahidi hauna uhakika wala haukubaliani. Mwaka 2022 utafiti mwingine mkubwa, VITAL, ulionyesha kwamba gramu moja kwa siku haikuwakinga watu wazima wasipate tatizo hili. Kwa maoni yetu, mteja anayetuambia vidonge vimemfaa hatuna sababu ya kumpinga, lakini hatuwezi kumwahidi mwingine kwamba vitamfaa.

Kuhusu afya ya jicho kwa jumla, ni kweli kwamba DHA ni sehemu muhimu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ndiyo maana matangazo huitaja sana. Hata hivyo, utafiti wa AREDS2 wa mwaka 2013 uligundua kwamba kuongeza DHA na EPA hakukupunguza kasi ya ugonjwa wa uzeeni unaoharibu sehemu ya katikati ya retina.

Ukiamua kutumia, geuza chupa usome upande wa nyuma. Maandishi makubwa ya mbele husema miligramu 1000, lakini hayo ni mafuta yote kwa jumla. Katika vidonge vingi vya kawaida, EPA ni miligramu 180 na DHA ni 120, yaani 300 tu. Anayetaka kufikia kiwango cha DREAM kwa vidonge hivyo angelazimika kumeza 10 kila siku, na chupa ya vidonge 30 ingemwishia kwa siku 3. Joto letu la pwani nalo huharibu mafuta haya, hivyo usiache chupa ndani ya gari wala dirishani, na kidonge kinachonuka uvundo mkali kitupe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye matatizo ya mapigo ya moyo, azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa dozi kubwa za omega-3 zimehusishwa na moyo kupiga bila mpangilio. Mjamzito naye asichanganye mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki, kwani haya ya pili yana vitamini A nyingi inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wateja wetu wengi, kusema kweli, wana omega-3 karibu kuliko wanavyodhani. Vibua, dagaa na jodari ni samaki wenye mafuta haya, na kuwala mara mbili kwa wiki ni mazoea mazuri kwa mwili mzima, ingawa kuwazamisha katika mafuta ya kukaangia huongeza mafuta ya aina nyingine. Tui la nazi ni tamu, lakini halina omega-3 za kutegemea. Asiyekula samaki anaweza kutumia mbegu za chia, akijua kwamba mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta yake kuwa EPA na DHA.

Tunachoanza nacho dukani ni kupima muda ambao utando wa machozi hukaa juu ya jicho kabla ya kukatika, kwa kutumia rangi ya manjano na mwanga wa buluu. Yakikatika kabla ya sekunde 10, tunatazama kope kwa makini zaidi. Kisha tunamfundisha mteja kukanda kope: kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika huwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, na kwa kuwa hupoa upesi, huchovywa tena kila baada ya dakika 2 hivi. Baada ya hapo kope husuguliwa polepole kuelekea kwenye ukingo na kusafishwa. Kazi hii hufanywa kila siku kwa wiki kadhaa, na ndipo wengi hukata tamaa mapema. Machozi bandia husaidia wakati huo, na anayeyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku tunampa yasiyo na kemikali za kuhifadhi dawa. Tunauliza pia dawa anazotumia, kwani za mzio na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo hukausha macho.

Maumivu makali, kuumizwa na mwanga, usaha, au kupungua kwa uwezo wa kuona si ukavu wa kawaida, na kwa hali hizo hakuna anayepaswa kujinunulia matone, hasa yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), ambayo yakitumiwa bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mteja wa namna hiyo hatumuuzii chochote; tunampa barua aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.