Vidole vilishika, mkono ukaitwa mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Si daktari, na haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kuzunguka na mpwa wangu miezi 11 tukiutafutia tiba mkono wake wa kulia, uliokosa nguvu baada ya kuangukia bega.

Magazeti hayaishi habari za bodaboda. Fulani amefariki, fulani kavunjika mguu, na abiria "amepata maumivu ya bega". Hili la bega hupitwa haraka, kama vile mtu kapiga chafya. Mpwa wangu naye aliandikiwa hivyo hivyo. Alikuwa akirudi kutoka Pongwe usiku, pikipiki ikateleza kwenye mchanga, akaangukia bega. Kofia ngumu alivaa na kichwa kilisalimika. Lakini aangukaye hivyo, kichwa husukumwa huku na bega huku, na kilichopo katikati ndicho kinachovutwa.

Kilichopo katikati ni mishipa ya fahamu ya mkono. Huanzia kwenye uti wa mgongo kwa mizizi 5, minne shingoni na mmoja juu ya kifua, ikasukana nyuma ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ikapita kwapani, kisha ikagawana kazi hadi ncha za vidole. Mizizi miwili ya juu ndiyo hasa inayoinua bega na kukunja kiwiko. Ya chini hutazama zaidi vidole. Msomaji ashike hapo, kwani hapo ndipo tulipoponzwa.

Hospitali tuliyomkimbizia walipiga picha, wakaona mtulinga umepata ufa. Mhudumu akampa mpwa wangu vidole viwili: "Minya." Akaminya, tena kwa nguvu za kijana wa miaka 23. Ikaandikwa kwamba mkono uko salama. Hakuna aliyemwambia akunje kiwiko. Ni kweli mwenye mtulinga uliovunjika haunyanyui mkono kwa maumivu, lakini kiwiko hukikunja. Cha kwake hakikukunjika hata kidogo, na sisi tukadhani ni maumivu tu. Akafungwa mkanda shingoni, akapewa panadol, tukaambiwa atapona taratibu. Kadi ile ninayo bado. Palipostahili tarehe ya kurudi pana vitone vitupu.

Nyumbani tukaponzwa na neno. Sisi mtaani kila kitu ni mshipa. Unaopitisha damu mshipa, kano mshipa, wa fahamu mshipa, hata ngiri nayo ni mshipa. Basi dada yangu aliposikia watu wakisema ni mshipa, akamwita mchuaji na mafuta yake ya nazi. Simkashifu mama yule, kanichua mgongo mimi mwenyewe mara nyingi nikasimama. Lakini mshipa wa fahamu ulioharibika huko shingoni hauchuliwi kwapani ukarudi.

Mwezi wa tatu tangu ajali, asubuhi moja, kijana alikuwa anakoroga uji kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa ameubeba akauweka karibu na jiko, kama mtu anavyoweka mfuko wa sokoni. Kidole gumba kikaegemea sufuria. Harufu niliisikia mimi kwanza. Alipotazama ngozi ilikwisha babuka, naye akaniuliza, "Mjomba, hii imeungua saa ngapi?"

Mpaka tulipochanga nauli tukapanda basi Kange kwenda Dar es Salaam, mwezi wa 11 tangu ajali ulikuwa umefika. Daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu hakumpa vidole. Alimwambia inua mkono pembeni, kunja kiwiko, geuza kiganja juu. Halafu akauliza tulikuwa wapi siku zote.

Alinieleza nami nikaelewa kwa njia ya ufundi wangu. Mshipa uliovutwa tu bila kukatika huamka wenyewe kwa wiki au miezi michache. Ambao nyuzi za ndani zimekatika lakini gamba limebaki, huota tena kwa kulifuata gamba lake. Fikiria waya wa breki kwenye baiskeli za gia (si Phoenix, zile breki zake ni vyuma): waya umekatika, kava ni zima, njia ipo. Uliokatika wote huungwa kwa kipande cha mshipa mwingine, mara nyingi wa mguuni. Na uliong'oka kwenye uti wenyewe hauungiki pale. Huazimwa sehemu ya mshipa jirani wenye kazi nyingine, ukaelekezwa kwenye msuli uliolala. Sikujua kama mwili wa mtu nao una spea.

Kasi ya kuota ndiyo yenye balaa, kiasi cha milimita 1 tu kwa siku. Nilichukua futi nikampima toka juu ya mtulinga hadi katikati ya msuli unaokunja kiwiko. Sentimita 24. Hizo ni siku 240, miezi minane. Na msuli usiofikiwa na mshipa, baada ya mwaka hadi mwaka na nusu hivi huwa umenyauka usiitike tena. Ndiyo maana wapasuaji wanataka kumwona mgonjwa mapema na kumfanyia kazi kabla miezi 6 haijapita. Jumlisha wewe 11 yetu na ile 8. Sasa kilichobaki kwetu ni kuhamishiwa msuli wa mahali pengine ili angalau kiwiko kikunjike, na tunasubiri zamu.

Wazazi nao wasikie. Mtoto ambaye bega lake lilikwama wakati wa kuzaliwa anaweza kupata jeraha hilihili, mkono ukaning'inia umegeukia ndani. Wengi hupona, lakini wa kumfuatilia ni kliniki, si bibi wa kusema kalalia mkono.

Ninachoomba kwa hospitali si mashine. Aliyeangukia bega aambiwe akunje kiwiko, na asipoweza, vile vitone vijazwe tarehe. Kwako Mhariri, ukurasa wenu wa afya umtafute mtaalamu aandike, kwa Kiswahili cha kueleweka, namna ya kuupima mkono: kuinua pembeni, kukunja kiwiko, kunyanyua kifundo cha mkono, kutanua vidole. Mkiitoa nitaikata niibandike kibandani kwangu, pale bodaboda wanaposimama kujaza upepo.

Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga