Lafudhi ya London isiwe kipimo cha Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia iliyojitokeza katika baadhi ya shule za mchepuo wa Kiingereza hapa Mwanza, ambako mwanafunzi anayesoma kwa sauti huchekwa, na hata kupunguziwa alama, kwa kuwa tu irabu zake zinaonyesha kwamba kwao ni Magu au Ukerewe.

Wanaomcheka wanadhani Waingereza wenyewe hutamka namna moja. Mtu wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, hulitamka neno "bath" kwa irabu fupi, ilhali wa London huivuta, na kihistoria huyo wa London ndiye aliyebadilika, kwani uvutaji huo ulienea kusini mwa Uingereza katika karne ya 18. Waskoti wengi hawatofautishi "pull" na "pool", na Wamarekani wengi wa majimbo ya kusini hutamka "pin" na "pen" sawasawa. Sijasikia yeyote kati yao akiambiwa kwamba hajui Kiingereza.

Nakubali kwamba mwalimu ana kazi ya kufanya. Kiswahili kina irabu 5, ilhali Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20, zikiwamo zile zinazoanza kwa sauti moja na kuishia kwa nyingine. Ndiyo maana vinywani mwetu "live" na "leave" huwa kitu kimoja, na msikilizaji asijue kama mtu anaishi au anaondoka. Hapo kusahihisha ni haki. Lakini Kisukuma, ambacho shule hizohizo hukipiga marufuku, kina irabu 7, miongoni mwake "i" za aina mbili na "u" za aina mbili, tena hutofautisha irabu fupi na ndefu. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo ana sikio lililokwisha kuzoea tofauti inayokaribiana sana na ile anayofundishwa kwa shida, na mwalimu mwerevu angeanzia hapo badala ya kumnyamazisha.

Isitoshe, lafudhi ina sababu zake. Mwaka 1963 mtaalamu wa lugha wa Marekani, William Labov, alichapisha utafiti kuhusu kisiwa cha Martha's Vineyard nchini humo, akionyesha kwamba matamshi ya kienyeji ya irabu fulani yalikuwa na nguvu zaidi kwa wavuvi na kwa vijana waliokusudia kubaki kisiwani, wakati wageni wa majira ya joto walipokuwa wakizidi kununua ardhi yao. Wenyeji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, nadhani, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Ninachowaomba wakuu wa shule ni kwamba alama za kusoma kwa sauti zipunguzwe pale tu matamshi yanapochanganya maana, na walimu waelekezwe kuwasikilizisha wanafunzi rekodi za Kiingereza cha Glasgow, cha Lagos na cha Nairobi, si cha London peke yake.

Mzazi,
Nyegezi, Mwanza