Kwa nini kuku wa kienyeji anahitaji simu yako ya asubuhi

Jumamosi moja ya Desemba familia ya watu 11 iliingia kwenye mgahawa wetu hapa Mbeya saa saba na nusu mchana. Kijana wao alikuwa ametoka kwenye mahafali ya chuo, joho bado liko mwilini. Bibi yake alikuwa ameondoka Kyela alfajiri ili amwone mjukuu akihitimu. Hawakuwa wamepiga simu, na sisi wakati huo hatukuwa na utaratibu wa kuwaomba wageni wapige. Wakaagiza kuku wa kienyeji wawili wa mchuzi, ndizi, maharage na wali. Mhudumu akawaambia dakika 40.

Dakika 40 zilipita, kisha nyingine 40. Sahani zilitoka saa tisa na robo, na kuku hata hapo hakuwa ameiva sawasawa. Bibi alikula wali na mchuzi, nyama akaisogeza pembeni ya sahani.

Nilikwenda mezani kuomba radhi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono. "Mwanangu, upishi hujakosea," aliniambia. "Maji ya huku juu hayana nguvu kama ya kwetu. Kuku wa namna hii huku anatakiwa awe jikoni tangu asubuhi."

Nimepika kwa miaka mingi na nilijua kwa mkono wangu kwamba maharage ya Mbeya yanasumbua, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini. Maneno yake yalinifanya nitafute. Nilichokipata kimebadilisha namna tunavyopokea oda hapa Forest Mpya, na nadhani kila mteja wetu anastahili kukijua, kwa sababu swali la "mbona chakula kinachelewa" ndilo tunaloulizwa kuliko yote.

Maji yetu huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha

Pwani, maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Hapo ndipo mvuke unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia maji kwa juu. Ukipanda mlima, hewa inakuwa nyepesi na uzito wake juu ya maji unapungua, kwa hiyo mvuke unashinda mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda hupunguza karibu nyuzi moja. Kyela, kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko kwenye mita 500 hivi, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 98. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Sufuria inayotokota jikoni kwetu, mapovu yakirukaruka na kifuniko kikicheza, ina nyuzi 94 tu.

Nyuzi sita ni kitu gani? Kwa mboga za majani, si kitu. Kwa maharage makavu na nyama yenye mishipa, ni tofauti kubwa, kwa sababu uivaji wake unakwenda kwa joto na muda kwa pamoja: joto likipungua kidogo, muda unarefuka sana.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, hata majumbani. Tukiona kitu hakiivi, tunaongeza moto. Maji yakishaanza kuchemka, moto ukiuongeza hauyapandishi joto hata nyuzi moja. Unachofanya ni kuyageuza mvuke haraka zaidi. Utaongeza maji, utaongeza gesi, na maharage yatabaki pale pale. Dada mmoja aliyehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam aliwahi kuniambia alidhani ameuziwa maharage ya zamani sokoni, akabadilisha muuzaji mara tatu. Maharage hayakuwa na tatizo lolote.

Kwa maharage tumepata njia. Tunayaloweka tangu jioni, maji ya kulowekea tunayamwaga, na asubuhi yanaingia kwenye presha kuka. Ile sufuria inaufungia mvuke ndani, shinikizo linapanda, na maji yanaweza kuvuka nyuzi 110 hata huku kwetu. Nyanya hatuziweki mpaka maharage yamelainika kabisa, kwa kuwa uchachu wake hulifanya ganda ligome. Ukiunga mapema utachemsha mpaka jioni. Magadi hatutumii. Ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanabadilisha ladha na kuharibu vitamini B1, na kwa maharage mazuri kama ya njano tunayopata kutoka Uyole ningeona ni dhuluma kuyafanyia hivyo. Kwa hiyo maharage kwetu yapo tayari kila siku kabla ya saa sita, na hayo hayatakuchelewesha.

Kuku ndiye mwenye kesi

Kuku wa kisasa wa wiki tano au sita hajatembea, hajakimbizwa na mbwa, misuli yake bado laini. Nusu saa inamtosha. Kuku wa kienyeji ameishi miezi mingi akichakura, na mtetea aliyekwisha taga anaweza kuwa na zaidi ya mwaka. Misuli yake imefungwa na nyuzi ngumu ambazo haziachii mpaka zikae kwenye joto la maji kwa muda mrefu, hadi zigeuke ule urojo unaoufanya mchuzi uwe mzito na ushike kwenye midomo. Huo urojo ndio utamu unaoulipia. Kwa nyuzi 94, mtetea mkubwa jikoni kwetu anachukua saa mbili, wakati mwingine mbili na nusu.

Mtauliza kwa nini tusimtie kwenye presha kuka pamoja na maharage. Tulijaribu mwezi mzima. Nyama inalainika, lakini inachambuka kwenye mfupa, na mchuzi unatoka mweupe, hauna ile rangi inayotokana na kitunguu kilichokaangwa taratibu na nyama ikaenda nacho. Wateja wawili watatu waliniuliza kama nimebadilisha mpishi. Tukaacha.

Mtauliza pia kwa nini tusiwapike asubuhi wote na kuwapasha moto mgeni akifika. Wengine wanafanya hivyo na siwalaumu, maana kuku aliyepikwa akakosa mlaji ni hasara. Lakini kuku aliyepashwa mara ya pili, ya tatu, nyama yake inakauka na mchuzi unazidi chumvi. Kwenye mgahawa wenye vitambaa mezani, ambako mtu ameacha chakula cha nyumbani na kuja na mama yake mzazi, siwezi kumwekea hicho. Na kuna jambo jingine ambalo nalisema wazi: hatuuzi kuku wa mayai aliyechoka kutaga kwa jina la kienyeji. Ni mgumu kama kienyeji, na mteja asiyejua anaweza asitambue. Sisi tunajua.

Basi tumebaki na njia moja, ile aliyoisema Bibi. Kuku awe jikoni kabla hujafika, na ili awe jikoni, lazima tujue unakuja.

Ukitaka kuku wa kienyeji mchana, tupigie kabla ya saa nne asubuhi. Ukimtaka usiku, kabla ya saa tisa alasiri. Utatuambia ni wa mchuzi au wa kukaanga (naye huchemshwa kwanza), na saa unayotarajia kukaa mezani. Tunaomba utangulize shilingi 20,000 kwa kila kuku kwa njia ya simu, na zinakatwa kwenye bili. Ukipata dharura ukatuarifu kabla kuku hajachinjwa, unarudishiwa zote. Akishachinjwa hatuwezi kurudisha, lakini tutampika na kukufungia umchukue wakati wowote siku hiyo. Kwa kundi la watu zaidi ya 10, iwe mahafali, kipaimara au wakwe wanakuja kuonana, tunaomba taarifa siku moja kabla, kwa sababu jiko letu lina mafiga sita ya gesi na mawili ya mkaa, na kuku watatu wa mchuzi wanakalia nusu ya jiko.

Kama hukupiga simu, bado karibu sana

Menyu yetu mpya, inayoanza kutumika Jumatatu, ina muda umeandikwa mbele ya kila chakula. Ni muda halisi. Tulipima kwa saa ya ukutani kwa wiki tatu na kuandika ule mrefu zaidi, wala si ule wa kufurahisha.

Samaki hana shida na urefu wa mlima. Mbasa kutoka Ziwa Nyasa, tukimpata, anachomwa kwa dakika 25, kwa sababu mkaa haujali uko Kyela au Mbeya. Usipa wa kukaanga ni dakika 15. Mafuta nayo hayachemki kwa nyuzi 94, kwa hiyo vyakula vya kukaanga vinatoka karibu kwa mwendo ule ule wa pwani. Kitu kimoja tu tunachokiangalia ni viazi. Maji yaliyo ndani ya kiazi huku yanatoka yakiwa na joto dogo, hivyo nje kunaweza kuwa kahawia na ndani kukawa bado. Tunakaanga mara mbili, mara ya kwanza kwa moto wa taratibu.

Ndizi za Tukuyu, mbalaga kama wanavyoziita Wanyakyusa, ni dakika 45 zikipikwa na nyama ambayo tayari imechemshwa. Wali ni dakika 35. Mchele wa Kyela tunaupika kwa maji zaidi kidogo kuliko ambavyo mpishi wa pwani angeweka, na mwishoni tunaupalia kwa makaa juu ya kifuniko, ili punje za juu nazo zipate joto. Nawaomba msituharakishe kwenye hilo. Wali uliofunuliwa mapema hapa Mbeya una kiini, na harufu yake yote inakuwa imekwenda na mvuke.

Ukiwa na nusu saa tu ya chakula cha mchana, mwambie mhudumu "nina nusu saa" kabla hata hujafungua menyu. Atakuonyesha kinachowezekana na atakuwa mkweli. Tumekubaliana na vijana wetu kwamba maneno "bado kidogo" na "kinakuja sasa hivi" hayasemwi tena kwenye ukumbi wetu. Najua yanasemwa kwa nia ya kumtuliza mgeni. Lakini mgeni aliyeambiwa asubiri kwa saa moja na nusu anaweza kuagiza supu, akampigia mwenzake simu, akatoka na watoto bustanini. Aliyeambiwa "sasa hivi" mara tano anakaa akitazama mlango wa jikoni, na kila dakika inampandisha hasira. Ile familia ya Desemba tuliwaharibia siku zaidi kwa neno "arobaini" kuliko tulivyowaharibia kwa kuku.

Kuhusu baridi

Juni na Julai kuna malalamiko ya pili: chakula kinafika mezani kikiwa vuguvugu. Hili nalo ni la kweli. Chakula kinachotoka kwenye sufuria ya nyuzi 94, kikawekwa kwenye sahani ya udongo iliyolala usiku kucha kwenye baridi ya Mbeya, kinapoa kabla mhudumu hajamaliza kuvuka ukumbi. Tangu mwaka huu sahani zote za chakula cha moto zinakaa kwenye kabati lenye joto kabla ya kupakuliwa. Tafadhali msiwaache watoto waguse sahani hizo zinapofika, ziacheni kwa muda mfupi. Mchuzi tunauleta kwenye chungu chenye kifuniko, mnajipakulia wenyewe. Ukumbi wa ndani una majiko mawili ya mkaa ya kuota, na dirisha moja la juu linabaki wazi muda wote kwa ajili ya hewa, hata kama linaleta ubaridi. Moshi wa mkaa usioonekana unaua, kwa hiyo dirisha hilo hatulifungi hata tukiombwa.

Kitu kimoja ambacho mlima umetupendelea ni kahawa. Wanaojua kuitengeneza wanasema maji mazuri kwake ni kati ya nyuzi 90 na 96, na yakizidi kahawa inakuwa chungu. Pwani wanalazimika kusubiri birika lipoe. Hapa birika likilia, maji yako kwenye joto lake kamili. Kahawa ya Mbozi tunaimwagia maji papo hapo, nayo inafika mezani kwa dakika tano.

Wale mnaotoka Dar es Salaam kwa ndege, mkitua Songwe mkapiga simu mkiwa bado mnasubiri mizigo, safari ya kuja mjini inatutosha kuwawekea meza, kuloanisha mchele na kuwasha mkaa wa samaki. Kwa kuku haitoshi. Yeye tupigieni kabla ya kupanda ndege.