Dalali anaanza kazi kabla ya siku ya mnada

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na madalali wenzangu, hasa hawa vijana wanaoingia kwenye kazi hii hapa Tabora, maana kwakweli kazi inaharibika na sisi tuliomo tumekaa kimya tunaangalia.

Watu wanadhani ili uwe dalali unahitaji sauti kubwa na roho ngumu basi. Kijana akishapata kipaza sauti na mtu mwenye kirikuu cha kubebea vitu keshajiita dalali, anasubiri kazi. Lakini zile kelele za siku ya mnada ni kipande kidogo sana, kazi yenyewe iko kwenye wiki za kabla ya hapo na hapo ndo vijana wengi hawapo kabisa.

Tuanze na tangazo. Sheria ya Madalali, ile Sura ya 227, inasema ardhi haiuzwi kwa mnada mpaka litolewe tangazo la siku zisizopungua 14, kwenye mji mkuu wa wilaya na hapohapo mahali mnada utakapofanyika, liandikwe na kwa Kiswahili, lionyeshe jina la mwenye mali na anakoishi, na litolewe pia kwa njia ambayo hata mtu asiyejua kusoma ataelewa. Sheria hii ni ya siku nyingi ila waliotunga walijua wanaongea na watu wa aina gani. Sasa angalia kinachofanyika, mtu anakuja na karatasi moja ya kiingereza, anaibandika jioni kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, anaipiga picha na simu ili akionyesha waliomtuma waone alibandika, anawasha pikipiki anaondoka. Usiku upepo unaichukua. Siku ya mnada anashangaa watu wako wanne.

Dalali anayejua kazi anaenda siku ya gulio. Anapita na spika, anamchukua mtu wa palepale arudie kwa Kinyamwezi au Kisukuma maana huko ndani Uyui na Sikonge kuna wazee wenye hela za ng'ombe ambao Kiswahili cha mahakamani hakiwaingii, alafu anakaa na mwenyekiti wa kijiji amweleze shamba ni ekari ngapi, lina miembe, lina kisima, barabara inafika au haifiki. Hao wazee ndo wanunuzi wenyewe! Ukiwapita umeuza mali ya mwenzio gizani.

Kuna mnada mmoja nilishuhudia hapa mjini, aliyeuendesha simtaji. Ilikuwa inauzwa mashine ya kusaga na mota yake. Mama mmoja anayeuza unga akauliza mota inafanya kazi au imeungua, akajibiwa inauzwa kama ilivyo, unataka hutaki? Hakuna aliyeiwasha. LUKU ya pale ilikuwa imeisha yuniti, umeme wa elfu mbili tu ungetosha kuiwasha watu wakaisikia inavyonguruma, lakini dalali hakuona kama hiyo ni kazi yake. Walikuwepo jamaa watatu wamesimama pamoja, mmoja akataja dau, wale wengine wawili wakaangalia pembeni, dalali akahesabu mara ya kwanza ya pili ya tatu kwa haraka kama anakimbiza basi, imeenda. Bei iliyopatikana haifiki hata bei ya mota mpya peke yake. Alafu akapanda kwenye gari ya mmoja wa walewale watatu wakaondoka wote. Mimi sina ushahidi wa makubaliano yao na sitasema walikubaliana, ila nasema dalali mwenye heshima ya kazi hapandi hilo gari, hata kama anakoenda ni mbali na jua ni kali.

Kwenye minada ya kukazia hukumu, yaani ile ya kuuza mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama, sheria imesema wazi kwamba yeyote mwenye kazi ya kufanya kwenye mnada huo haruhusiwi kununua, iwe yeye mwenyewe au kwa kumtanguliza mtu. Shemeji yako akisimama pale kutaja dau kwa niaba yako ni wewe umesimama. Na upande wa pili pia, kumpanga mtu wa kupandisha bei za uongo kwa faida ya muuzaji bila kuwaambia watu ni kosa hivohivo. Mnunuzi naye ana haki zake jamani, tunamsahau sana. Dau lake anaweza kuliondoa kabla nyundo haijagonga, na kwenye nyumba au kiwanja kilichouzwa na mahakama anatakiwa aweke asilimia 25 palepale na kumalizia ndani ya siku 15. Vijana wengi hawamwelezi hilo mwanzoni, mtu anashinda mnada alafu anaanza kuhangaika na hela, mnada unarudiwa.

Kuhusu bei. Sheria ya Ardhi inamtaka anayeuza nyumba ya rehani apate bei nzuri inayowezekana, na ikiuzwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei za soko za nyumba za aina hiyo anahesabiwa hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Kwahiyo dalali ukipewa kazi na benki uliza ripoti ya mthamini, uliza kama ile notisi ya siku 60 ya kumtaka alipe deni ilimfikia mdaiwa, usiseme mimi nimetumwa tu.

Alafu kuna suala la msimu ambalo hakuna darasa wanalifundisha. Ukipeleka trekta kwenye mnada Urambo mwezi Desemba au Januari utauza kwa bei ya kutupa, kwasababu hela yote ya mkulima iko kwenye mbolea na vibarua. Subiri masoko ya tumbaku yafunguliwe watu walipwe, hapo utaona wanavyogombania. Najua amri ya mahakama ina tarehe zake lakini dalali anaweza kumshauri mdai, na mdai mwenye akili atasikiliza maana hela ni yake.

Sasa hawa wa kausha damu, wale wanaokopesha mtaani kwa riba kubwa. Mhariri hili linaniuma. Vijana wanaingia kwa mama wa watu Isevya au Ng'ambo wanabeba godoro, jiko la gesi, cherehani, hakuna amri ya mahakama hakuna karatasi yoyote, alafu mtaani wanaitwa madalali. Hao sio madalali. Hata dalali wa mahakama mwenye amri mkononi haruhusiwi kugusa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, wala vifaa vya fundi anavyofanyia kazi wala jembe la mkulima. Cherehani ya fundi nguo ni kifaa chake cha kazi. Kila kijana anayetaka kazi hii angeijua hii orodha kwa kichwa kabla hajashika kipaza sauti, na akikuta mdai anamlazimisha abebe tu, akatae aandike kwenye ripoti kwamba amekataa na kwanini.

Kanuni za mwaka 2017 za madalali wa mahakama zinataka mtu awe na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na mimi naunga mkono kabisa, lakini Lushoto na sisi huku ni mbali na kijana wa Kaliua au Kasulu nauli na malazi vinamshinda, anaishia kuwa mbebaji wa dalali fulani na kujifunza tabia zake, nzuri na mbaya. Hapa tuna Mahakama Kuu, tuna Chuo cha Utumishi wa Umma chenye madarasa. Naomba wakubwa wa chuo cha Lushoto walete mafunzo mafupi hapa Tabora, na wenzetu wa Kigoma nao wapande treni waje, wafundishwe kuandika orodha ya mali na namba za injini na chesesi, kupiga picha kabla na baada, kutoa risiti, na kuandika hesabu ya mwisho inayoonyesha mali iliuzwa shilingi ngapi, deni limekata ngapi, gharama za dalali ngapi, na kilichobaki kimerudi kwa mwenye mali lini na kwa njia gani. Madalali wenye uzoefu tuko tayari kuja kufundisha upande wa vitendo, wakituita tu tutafika.

Ni mimi dalali wa siku nyingi,
Ipuli, Tabora