"Na wenzao" ni akina nani?

Mhariri,

Ripoti yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu historia ya upinzani katika Bunge la Kenya imenichoma. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia. Lakini mlipofika kwa wale wabunge wa mrengo wa kushoto ambao waziri Charles Njonjo aliwabandika jina la "Dada Saba Wenye Ndevu" mwaka 1981, mliwapa aya mbili. Mkamtaja James Orengo, mkamtaja Koigi wa Wamwere, halafu mkaandika "na wenzao". Baada ya hapo mkarukia miaka ya tisini, mkasema Pwani ilichelewa kuamka kisiasa.

Wenzao wana majina. Mwashengu wa Mwachofi alikuwa mbunge wetu hapa Wundanyi. Chibule wa Tsuma alikuwa wa Kaloleni. Kulikuwa na Abuya Abuya kutoka Kisii, Onyango Midika wa Nyando na Lawrence Sifuna wa Bungoma. Katika saba hao, wawili ni wa Pwani, na bado mnatuambia tulikuwa tumelala. Pamoja nao alikuwepo Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, ambaye hata wanaojiita wajuzi humsahau. Binti huyo aliingia Bungeni mwaka 1974 akiwa bado na miaka ishirini na kitu. Mwaka 1976 akafungwa miaka miwili na nusu kwa shtaka la uchochezi. Alipotoka, wananchi wakamchagua tena 1979. Hakustahili hata mstari mmoja?

Mwandishi wenu anaandika kana kwamba hawa walikuwa vijana wa chuo waliopenda kelele. Angejiuliza wakati huo mbunge alikuwa anasema mbele ya nani. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, kilikuwa kimepigwa marufuku 1969, kwa hivyo kila aliyekuwa Bungeni alikuwa wa KANU, chama tawala, apende asipende. J.M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali, alikuwa ameuawa Machi 1975. Oktoba mwaka huohuo, mbunge Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa palepale Bungeni kwa maneno waliyoyasema ndani ya ukumbi, wakatupwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Koigi mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini mwaka 1978. Watu hawa waliyajua hayo yote na bado wakasimama. Hawakuwa na chama chao, hawakuwa na kiranja wa kuwapanga wala ofisi ya kiongozi wa upinzani yenye magari na walinzi. Walikuwa na Kanuni za Bunge na midomo yao, basi. Walisema habari za ardhi na maskwota, za watu kuzuiliwa bila kushtakiwa, za wakubwa waliokuwa wakijigawia mali ya umma. Kufikia Juni 1982, Bunge lilipobadili Katiba ili KANU kiwe chama pekee kisheria, Chelagat alikuwa ameshakimbilia Tanzania. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, Koigi akarudishwa kizuizini. Kundi likavunjwavunjwa. Hiyo ndiyo historia ya upinzani Bungeni, bwana mhariri, na haitoshi katika aya mbili.

Sisi tuliowapigia kura pia tulilipa. Nyumba yangu ya wakati huo ilikuwa ya udongo, na kama wengi nilikuwa nimebandika magazeti ukutani kuzuia vumbi na baridi ya huku milimani. Picha ya mbunge wetu ilikuwa mojawapo. Wiki chache baada ya mapinduzi kushindwa, chifu alikuja usiku na askari wawili. Mmoja alichukua koroboi mkononi mwa mke wangu, aliyekuwa mjamzito, akaisogeza ukutani na kuanza kusoma ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kila alipokuta sura asiyoitaka aliibandua, na udongo ukamomonyoka pamoja na karatasi mpaka fito zikaonekana. Walibeba sanduku langu la bati lenye magazeti ya zamani na maazimio yangu ya kazi. Nikaamriwa kuripoti kwa chifu kila Ijumaa hadi shule zilipofungwa. Sanduku sikurudishiwa. Kwa hiyo ninaposoma "na wenzao" najua ni kitu gani kimefutwa, maana niliona kikibanduliwa.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, nitasema na hili. Chelagat alikimbia nchi kwa sababu ya mashtaka ya madai ya marupurupu ya usafiri. Leo wabunge wanavutana na tume ya mishahara, SRC, kuhusu marupurupu hayohayo, na hakuna anayelazimika kukimbilia popote. Juni 25, 2024, wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha huku vijana walioandamana kuupinga wakipigwa risasi nje ya ukumbi. Waliopinga walikuwa 106, na ninawashukuru. Lakini tangu hapo sijaona hata saba kati yao walioshikamana kwa msimamo mmoja, muhula mzima, juu ya ardhi, ushuru na bei ya unga. Njonjo alipofariki Januari 2022, vyombo vya habari vilimwaga wino siku nzima nzima. Chelagat alifariki Julai 2013 baada ya kuishi miaka yake ya mwisho katika dhiki.

Ninachotaka ni hiki. Jumamosi ijayo, toeni kurasa mbili za katikati, zile ambazo sasa zina matangazo ya kamari. Chapisheni majina yote manane, ya saba hao na la Chelagat, eneo bunge la kila mmoja, mwaka aliochaguliwa na yaliyompata baadaye. Kando yake wekeni walau hotuba moja ya kila mmoja kutoka Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, neno kwa neno, hasa za Mwashengu na Chibule wa Tsuma. Hansard za miaka hiyo zipo na zinasomeka. Mtumeni mwandishi yuleyule akazinakili kwa mkono wake, kisha nakala kumi mziache kwenye maktaba ya hapa Wundanyi. Nitakwenda kuzichukua mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Wundanyi, Taita Taveta